Mashine ya mionzi ya Zanzibar ianze kubuniwa wodini

Mwaka 2001 madaktari wa Salzburg, Austria, walichapisha makala fupi ya kitabibu kuhusu hina. Walikuwa wakiwatibu wagonjwa wa saratani kwa mionzi, na walikuwa na tatizo linalojulikana na kila afanyaye kazi hiyo: alama zinazochorwa kwenye ngozi ili mashine ijue pa kulenga hufutika upesi. Wakaacha kalamu ya wino, wakachora kwa hina. Alama zikakaa, ulengaji ukawa sahihi zaidi, na wagonjwa wakapata nafuu ya usumbufu.

Habari hii inaniuma na kunitia moyo kwa pamoja. Hina ni yetu tangu mababu. Hakuna bi harusi wa Unguja au Pemba asiyeijua, na kila mtaa una mwanamke mwenye mkono mwepesi wa kuichora. Lakini wazo la kuipeleka kwenye chumba cha mionzi lilizaliwa kwenye milima ya Austria, kwa sababu huko daktari, mashine na mgonjwa wanakaa chini ya paa moja, na daktari ana ruhusa na wakati wa kujaribu.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Mwanamke mwenye saratani ya titi anayeanza mionzi hulazwa kwanza kwenye kitanda kigumu, mkono umeinuliwa juu ya kichwa. Anapigwa picha za CT, zinazoonyesha ndani ya mwili, akiwa katika mkao huohuo atakaotibiwa nao. Kisha mteknolojia anamchora alama: moja katikati ya kifua, nyengine ubavuni, nyengine upande wa pili. Kila siku ya matibabu mistari myembamba ya leza inayotoka ukutani hulaliana na alama hizo. Mwili ukipotoka milimita chache, sehemu ya dozi inakwenda kwenye pafu au kwenye moyo. Ndiyo maana anaambiwa asisugue alama mpaka amalize.

Sasa mchukue mama wa Makunduchi au wa Konde. Anaoga asubuhi na jioni kwa sababu joto la Kaskazi halimpi nafasi ya kukwepa. Anatoka jasho chini ya buibui. Wino haumalizi siku tatu. Katika nchi nyingi tatizo hili hutatuliwa kwa kumchanja mgonjwa vidoa vidogo vya tatuu visivyofutika. Hapa kwetu wengi watasita, na kusita kwao kuna haki. Wapo masheikh wanaoruhusu jambo kama hilo kwa dharura ya tiba, lakini mwanamke ndiye atakayekiona kidoa hicho kwenye kioo kila siku mpaka mwisho wa umri wake. Siku hizi zipo kamera zinazosoma umbo la mwili bila alama yoyote, ila bei yake ni ya nchi nyengine. Hina ni ya bei ya sokoni.

Hata hivyo hatuwezi kuichukua makala ya Salzburg na kuibandika Hospitali ya Mnazi Mmoja. Hina hukolea kwenye kiganja, lakini tumboni na kifuani hutoa rangi hafifu. Kwenye ngozi nyeupe ya Austria rangi hafifu inaonekana. Kwenye ngozi zetu itaonekana vizuri chini ya taa ya chumba cha mionzi? Itakaa siku ngapi kwa mtu anayeoga mara mbili? Halafu kuna piko. Wachoraji wetu wengi huchanganya au hutumia piko kwa sababu ni nyeusi na inakolea haraka, na sote tunawajua waliotoka malengelenge kwa ile rangi ya kemikali iliyomo ndani yake. Ngozi inayopigwa mionzi tayari ni ngozi iliyochokozwa, kwa hiyo piko haifai hata kidogo. Maswali haya yanahitaji mteknolojia, daktari na mchora hina wakae pamoja, na gharama yake haifiki hata ya kiti cha ofisi ya mkurugenzi. Mtu wa kuyajibu hawezi kutoka Salzburg.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema katika makala hii. Kila saratani inapotajwa Visiwani, mjadala huishia kwenye swali la lini tutakuwa na mashine yetu ya mionzi. Swali ni la haki. Kwa miaka yote wagonjwa wetu wamekuwa wakivuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Lakini tumezoea kudhani mashine hubuniwa kiwandani, nasi tunainunua, tunaizindua na kuiwasha. Historia ya vifaa hivi inasema vyengine. Vilivyo bora kati yake vilianzia kwa watu waliomshika mgonjwa, wakaona kitu kinachomuumiza, wakamtafuta mtu wa fizikia au wa ufundi wa kukaa naye.

Lars Leksell alikuwa daktari mpasuaji wa ubongo huko Stockholm. Upasuaji wa ubongo wa zama zake uliua wagonjwa wengi na kuwalemaza wengine, naye hakukubali kuwa hiyo ndiyo hali ya kudumu. Mwaka 1951 alitoa wazo la kuelekeza miale mingi dhaifu kutoka pande nyingi ikutane nukta moja ndani ya fuvu, bila kisu kugusa kichwa. Akashirikiana na mwanafizikia Börje Larsson. Mwaka 1968 mashine yao ya kwanza, Gamma Knife, ilianza kazi ikiwa na vyanzo 179 vya kobalti, madini yanayotoa mionzi yenyewe bila umeme. Kutoka kwenye wazo hadi mashine ilipita miaka 17, na miaka hiyo yote Leksell aliendelea kuwa daktari wa wagonjwa.

Katika miaka ya 1980 daktari kijana kutoka Marekani, John Adler, alikwenda kujifunza kwake. Akaona uzuri wa kifaa, akaona na mipaka yake: mgonjwa alipigwa skrubu za fremu kwenye fuvu, na tiba iliishia kichwani tu. Uvimbe wa uti wa mgongo au wa pafu haukuwa na fuvu la kufungia fremu. Adler alirudi Marekani, Chuo Kikuu cha Stanford huko California, akabuni CyberKnife, mashine inayobebwa na mkono wa roboti wa viwandani na kuongozwa na picha zinazopigwa wakati tiba inaendelea. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa mwaka 1994. Marekani iliiruhusu kwa uvimbe wa kichwani mwaka 1999, na kwa mwili mzima mwaka 2001. Baadaye mtu huyohuyo akatazama gharama ya chumba chenyewe, zile kuta nene za zege zinazozuia mionzi isitoke, akabuni mashine nyengine inayobeba kinga yake yenyewe.

Hapo nasimama kidogo, kwa sababu jambo hili linatuhusu kuliko linavyoonekana. Chumba cha mionzi hula zege nyingi mno, na zege inataka mchanga. Unguja mchanga umekuwa bidhaa adimu, serikali inaudhibiti, na mashimo yaliyoachwa mashambani tunayaona. Daktari wa California aliona zege ni tatizo la bei. Kwetu ni tatizo la ardhi pia. Ni mtu wa kisiwa tu atakayeliingiza kwenye hesabu tangu mwanzo.

Henry Kaplan naye alikuwa daktari. Aliungana na mwanafizikia Edward Ginzton kutengeneza linaki, yaani mashine inayozalisha mionzi kwa umeme, na mmoja wa wagonjwa wao wa mwanzo mwaka 1956 alikuwa mtoto mdogo mwenye saratani ya jicho. Jicho moja lilikuwa limeshatolewa. Mionzi iliokoa la pili.

Mfano ulio karibu zaidi na wanawake wa Zanzibar ni wa Ulrich Henschke, daktari mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi New York. Saratani ya mlango wa kizazi haimalizwi kwa mionzi ya nje peke yake. Inahitaji mionzi ya ndani, ambapo chanzo chenye nguvu hupelekwa ndani ya mwili, karibu kabisa na uvimbe. Zamani chanzo hicho kilikuwa radiamu, na daktari na wauguzi walikishika kwa koleo na kukiingiza kwa mikono yao. Walipata dozi mwilini kila siku ya kazi. Henschke alibadilisha utaratibu: kwanza vinaingizwa vifaa vitupu, taratibu, bila haraka. Watu wanatoka chumbani, ndipo chanzo kinasukumwa ndani kutoka mbali. Karibu kila mashine ya mionzi ya ndani inayotumika leo inafuata njia hiyo, na ilitokana na daktari kuihesabu mikono ya wauguzi kuwa ni sehemu ya tatizo.

Upande wa pili wa historia hii ni mchungu. Kati ya 1985 na 1987, mashine iliyoitwa Therac-25 iliwapiga wagonjwa sita wa Marekani na Canada dozi kubwa kupita kiasi, na baadhi yao walikufa. Kosa lilikuwa kwenye programu ya kompyuta iliyoaminiwa kuchukua nafasi ya vizuizi vya chuma. Waliotengeneza walisema dozi kama hiyo haiwezekani. Huko Tyler, Texas, mwaka 1986, mfizikia wa hospitali na mteknolojia aliyekuwa akiiendesha walikaa wakirudia hatua zilezile kwenye kibodi mpaka wakalipata kosa: mtu akiandika vibaya aina ya mionzi, akarudi kurekebisha kwa haraka, mashine ilichanganyikiwa. Kasi hiyo ya vidole ni ya mtu anayefanya kazi hiyo kila siku. Mhandisi aliyeijaribu polepole kiwandani asingeweza kuikuta. Wafanyakazi wawili wa hospitali waliona kile ambacho kampuni ilikataa kukiona, kwa sababu walikuwa na ujuzi na walikuwa na ujasiri wa kutoamini jibu walilopewa.

Je, mteknolojia wetu siku hiyo ikifika atakuwa na ujasiri huo? Atasikilizwa akisema mashine ina kasoro, au ataambiwa awaachie wataalamu wa kampuni? Naliuliza kwa dhati, maana katika hospitali zetu nyingi mtu wa chini hufundishwa kunyamaza mbele ya mkubwa, na mkubwa hunyamaza mbele ya mfadhili.

Turudi kwenye uchaguzi wa mashine, ambako hasara ya kunyamaza huanza. Linaki inataka umeme uliotulia. Umeme wa Unguja unapita chini ya bahari kutoka Bara hadi Fumba. Mei na Juni 2008 kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila umeme huo. Disemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa miezi mitatu. Waya mpya uliwekwa mwaka 2013 na hali ikawa bora sana. Pemba inapata wake kutoka Tanga tangu 2010. Bado kisiwa ni kisiwa, na mgonjwa aliyeanza mionzi hapaswi kukatiza, kwani siku zinazoruka zinaipa saratani nafasi ya kuota tena. Kwa hiyo gharama ya mashine yetu ni pamoja na jenereta, vidhibiti vya umeme, na mitambo ya kupoza hewa na kukausha unyevu, kwani chumvi ya bahari inajulikana inavyokula chuma.

Mashine ya kobalti haina haja ya umeme mwingi, na imewatibu mamilioni ya watu katika nchi maskini. Lakini nguvu ya kobalti hupungua nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo. Chanzo kikichakaa, tiba ya dakika mbili inakuwa ya dakika nne, na foleni mlangoni inarefuka. Na chanzo kikongwe kinabaki hatari kwa miaka mingi. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, waokota vyuma chakavu walichukua mashine ya mionzi yenye chanzo cha sizi, madini mengine yanayotoa mionzi, iliyotelekezwa kwenye kliniki iliyohama, wakaivunja, na watu wanne wakafa. Nani Zanzibar hajaona mikokoteni ya vyuma chakavu? Anayenunua kobalti lazima ajue, kabla hajasaini, chanzo kitarudishwa kwa nani na kwa gharama ya nani, na Tume ya Nguvu za Atomi iwe imeshaliona jibu hilo kwa maandishi.

Kwa mionzi ya ndani uchaguzi uko hivyohivyo. Mashine nyingi hutumia iridiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila siku 74, kwa hiyo chanzo kipya kinatakiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kila kimoja kinapanda ndege, kinapita forodhani, kinasubiri vibali. Zipo zinazotumia kobalti, na chanzo chake kinakaa takriban miaka mitano. Sitashangaa muuzaji akitusifia ya kwanza. Lakini mtu aliyewahi kusubiri mzigo bandarini Malindi, Unguja, atauliza kuhusu ya pili.

Nikitakiwa kutaja ubunifu mmoja uliomsaidia mgonjwa wa mbali kuliko mwengine, sitataja mashine hata moja. Nitataja hesabu ya siku. Kwa miongo mingi mwanamke mwenye saratani ya titi alipigwa mionzi mara 25, siku tano kwa wiki, wiki tano. Madaktari wa Uingereza walithubutu kuuliza kama lazima iwe hivyo. Majaribio yao yalionyesha kuwa mara 15 kwa wiki tatu zinatosha kwa wengi. Mwaka 2020 jaribio la FAST-Forward likaonyesha kuwa kwa wagonjwa wanaofaa, mara tano ndani ya wiki moja haziko nyuma. Hakuna chuma kipya kilichonunuliwa. Mtambo uleule, umepangwa kwa akili tofauti.

Pima maana yake kwa mtu wa Micheweni. Anatoka na gari mpaka bandarini, anapanda boti mpaka Unguja, anapanda nyengine mpaka Dar es Salaam. Halafu wiki tano kwa ndugu mwenye vyumba viwili Mbagala, na mtu wa kumsindikiza, na watoto walioachwa kwa bibi, na karafuu zikiwa mtini. Wapo wanaokatisha tiba njiani wakasingiziwa ujinga, ilhali walichokosa ni nauli na mahali pa kulala. Wiki moja badala ya tano inambakiza kwenye tiba. Saratani ya mlango wa kizazi bado inadai takriban vikao 25 vya nje pamoja na vya ndani, na ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, kwa hiyo hapo nyumba ya kufikia wagonjwa ni kifaa cha tiba sawa na mashine yenyewe. Naamini hili kwa moyo wote: hospitali itakayojengewa mashine Unguja bila kitanda cha mgonjwa wa Pemba itakuwa imejengwa nusu.

Yupo atakayesema ubunifu wa kitabibu ni wa mataifa makubwa. Pemba imeshalijibu hilo. Mwaka 2006 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Pemba kwa watoto zaidi ya 20,000, ulioonyesha kuwa kuwapa watoto wote madini ya chuma na asidi ya foliki bila kupima, mahali penye malaria nyingi, kuliongeza maradhi makali na vifo. Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, pale Wawi, imekuwa ikifanya kazi ya minyoo na kichocho tangu mwaka 2000. Watu waliobeba madaftari nyumba kwa nyumba katika tafiti hizo ni vijana wa Pemba. Kisiwa kilichoweza kuifundisha dunia kuhusu madini ya chuma kinaweza kuifundisha kuhusu hina na ngozi nyeusi, kuhusu mashine na chumvi, kuhusu wanawake na stara.

Stara nayo ni suala la ubunifu. Mwanamke wa hapa akiambiwa avue juu yote mbele ya kijana wa kiume, kila siku kwa wiki kadhaa, wengine watakubali wakiwa wamekufa moyo na wengine hawatarudi. Gauni linalofunguka upande mmoja tu, pale panapotibiwa, fundi cherehani wa Darajani anaweza kulishona kwa siku moja akielezwa vizuri. Sijui kwa nini tunasubiri lije kwenye boksi.

Kuna upande wa fedha ambao lazima usemwe wazi. Mwanafizikia Röntgen hakuweka hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, kwenye miale ya eksirei aliyoigundua mwaka 1895, na wanasayansi Marie na Pierre Curie hawakuweka kwenye utengenezaji wa radiamu. Ndani ya miezi miale ya Röntgen ilikuwa imeenea ulimwenguni. Vizazi vilivyofuata vilikwenda njia nyengine: kampuni ya Elekta ilitokana na kazi ya Leksell, na Adler mwenyewe alianzisha Accuray, kampuni ya CyberKnife. Sioni ubaya wa daktari kulipwa kwa akili yake. Ubaya unaanza pale anayemshauri mgonjwa ndiye mwenye hisa kwenye mashine, na mgonjwa hajui. Visiwa vyetu ni vidogo, daktari, muuzaji na mjumbe wa kamati ya zabuni huenda wakawa wamesoma skuli moja, kwa hiyo kanuni ya kutangaza maslahi iandikwe kabla mtu yeyote hajawa na maslahi.

Na anayebuni alindwe. Wengi hawajui kwamba hataza si jambo la Muungano. Anayesajili kwa BRELA, wakala wa usajili wa Bara, hajalindwa Zanzibar, ambako kuna Sheria ya Mali za Viwandani ya mwaka 2008 na msajili wake, BPRA. Muuguzi wa Chake Chake atakayebuni kishikio cha mkono kwa ajili ya wagonjwa wa titi anastahili kuelezwa hayo na mwajiri wake bila kutozwa, na hospitali ikubaliane naye mapema nani anamiliki nini.

Kazi ya kuanza nayo haihitaji kusubiri mashine. Mfizikia tiba husomeshwa kwa miaka, kwa hiyo vijana wa Zanzibar wapelekwe sasa, na wakirudi wakute ajira ya fani yao badala ya kupangiwa kufundisha hesabu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, Mbweni, wapewe fungu dogo la pamoja, wanafunzi wa udaktari na wa ufundi wafanye mradi mmoja kwenye wodi ya saratani ya Mnazi Mmoja. Wateknolojia wa Kizanzibari waliojifunza kazi Ocean Road waitwe kwenye kamati ya manunuzi wakiwa na kura, pamoja na angalau mwanamke mmoja aliyewahi kutibiwa kwa mionzi. Na mkataba wowote utakaosainiwa uwe na mafunzo ya matengenezo kwa mafundi wetu, vitabu vya ufundi vikabidhiwe, na bei za vipuri zijulikane hadi mwaka wa kumi, kwani dhamana ya kampuni huisha mapema na wagonjwa wataendelea kuja.